Bastola ya Nini, na Mizani Ipo?

"Dada yangu, kazi nzuri, hongera sana, ila mpe bastola."

Maneno hayo niliyasikiliza mara nne nikiwa stendi ya Mafinga, huku kwetu Iringa, saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa saba. Wa huku mnajua Mafinga ya mwezi wa saba saa hizo ikoje. Ukungu umeshuka, konda humwoni, unamsikia tu anaita Igowole, Igowole. Ulikuwa ujumbe wa sauti wa dakika sita kutoka kwa kaka mmoja wa Dar anayesoma miswada ya watu na kuwashauri. Mswada wangu wa kwanza, riwaya ya upelelezi, miaka mitatu ya kuandika usiku watoto wakishalala, na jibu ndilo hilo. Karani wa mizani ya chai hawezi kuwa mpelelezi. Mhamishie Dar. Muuaji awe kigogo, siyo nyapara. Na maiti, kwa nini ipatikane kiwandani? Hoteli zimeisha?

Nikamtii. Jioni ile ile niliandika upya ukurasa wa kwanza. Karani wangu akashuka kwenye gari jeusi lenye vioo vya giza, koti refu, bastola kiunoni, miwani ya jua usoni. Miwani ya jua, kwenye ukungu ule! Hatua ya tatu akateleza kwenye tope la Kibao, kule Mufindi, akakaa chini. Nikafunga kompyuta nikacheka mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna nini.

Hasira zilinijia kesho yake nikiosha vyombo, kama hasira zangu zote. Mpelelezi mwenye bastola halazimiki kujua chochote. Anamwekea mtu mtutu kichwani, mtu anasema, sura inaisha. Karani hana mtutu. Ana penseli, ana daftari, na ana miaka ya kutazama kitu kile kile kila siku, kiasi kwamba kikibadilika kidogo tu, tumbo linashtuka kabla ya kichwa. Mimi huyo ndiye ninayetaka kumsoma. Na kwa kuwa huyo nilikuwa mimi, mtanivumilia nikiongea kwa uchungu.

Ngoja niwasimulie habari ya kadi. Kiwanda sikitaji, msinifuate pembeni kuniuliza.

Nilianza kama karani wa mizani shambani, Mufindi. Mizani ya saa imening'inizwa, wachumaji wamepanga foleni, neti ya majani inatundikwa, mshale unacheza, unatulia, unasoma. Unatoa robo kilo, uzito wa kapu. Unaandika kwenye kadi ya mchumaji, unaandika kwenye karatasi yako. Mara mbili kwa siku, robo asubuhi na robo jioni. Hiyo robo niliikuta, nikaambiwa ni ya kapu, nikawa naitoa. Kwamba makapu yalishaacha kutundikwa zamani, na sasa tunapimia kwenye neti nyepesi kama leso, hilo halikunipitia akilini. Makapu yaliondoka mizanini, robo ikabaki.

Baada ya miaka mitatu nikahamishiwa ofisini kulinganisha karatasi za shamba na mizani ya kiwandani. Ndipo nikakutana na kadi yenyewe. Ukiitazama siku moja haina neno: kilo 38, mchumaji wa kawaida. Lakini mimi nilikuwa na mwaka mzima juu ya meza. Mwezi wa tatu, chai imechachamaa, akina mama wenye mikono myepesi wanafika kilo 50, wengine 60. Kadi ile 38. Mwezi wa saba, baridi imeubana mti hautoi chipukizi, mtu anazunguka kwenye mistari kutwa nzima anarudi na kilo 12 na vidole vimekufa ganzi. Kadi ile 37. Haijui mvua, haijui baridi. Kwenye chai hakuna binadamu wa namna hiyo.

Mwenye kadi, nilikuja kusikia, alikuwa amesharudi kwao Makete zaidi ya mwaka, analima viazi.

Mchumaji hewa, basi, tumemaliza? Wengi mngeishia hapo. Mwaka 2016 nchi nzima ilipokuwa inasaka watumishi hewa, mazungumzo yaliishia hapo hapo: jina lipo, mtu hayupo, futa jina. Lakini hesabu ya chai ina ukaidi wake. Majani ya shambani yanatakiwa yakaribiane na yanayopokelewa kiwandani. Ukiandika kilo 38 ambazo hakuna aliyezichuma, jioni lori likipimwa utapungukiwa 38, kesho tena, keshokutwa tena, na utaitwa ujieleze. Na kwetu hapakuwa na pengo. Zilizoandikwa zilikuwa zinafika. Maana yake kilo 38 zilichumwa kweli. Na nani?

Nililala na swali hilo wiki mbili. Jibu lilikuja kupitia msiba. Napitia karatasi za siku ambayo kijiji kizima kilikwenda kuzika, wachumaji 30 hawakutokea, naona kadi yetu imeshuka mpaka kilo 23. Kadi ambayo Julai haikuiweza, imetikiswa na msiba wa watu wengine! Nikavuta karatasi. Siku ya kawaida wachumaji 76. Robo asubuhi, robo jioni, nusu kilo kwa kichwa: 38. Siku ya msiba, wachumaji 46. Nusu ya 46 ni ngapi?

Haikuwa kadi ya mtu. Ilikuwa kadi ya ile robo. Na ile robo ilitolewa kwa mkono huu, miaka mitatu, huku nikisema "sogea mama, anayefuata."

Nilimpelekea mkubwa wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai (ndiyo, chai), akasema, "Umechoka, mwanangu. Funga daftari." Mwezi uliofuata nilikuwa stoo nahesabu mifuko ya mbolea. Akina mama sikuwaambia. Nilikuwa na mtoto mchanga na nyumba ya kupanga, na sikuwaambia. Habari hii huwa naisimulia kwa vicheko, lakini nikifika hapo vicheko vinakata. Riwaya nimeiandika kwa sababu ya hapo. Maiti wala sizipendi.

Sasa nielekezwe vizuri: bastola niichomeke wapi kwenye hadithi hiyo? Aelekezewe nani, mshale wa mizani?

Nakubali, shingo upande, kwamba kaka wa Dar ana hoja moja. Sura ya mizani ilikuwa na kurasa 18. Nilieleza mpaka namna ya kupaka grisi kwenye ndoano. Nimekata zimebaki nne, na kwenye hizo nne sishuki. Pia alisema herufi kubwa nazitumia ovyo. Sawa.

Lakini alipouliza "nani atasoma habari za chai," hapo ndipo nilipoacha kumheshimu. Watu wenyewe asubuhi hawaanzi siku bila kikombe. (Na watu wa Tukuyu najua mnasubiri kuniambia kwamba chai ilianza kwenu kabla ya kwetu, Kyimbila, 1904, enzi za Mjerumani. Haya, tumesikia. Andikeni na nyie.)

Kinachonikera zaidi ni kuambiwa kwamba hivi ndivyo riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ilivyo, kama vile ilizaliwa na bastola mkononi. Muhammed Said Abdulla, aliyetuletea mpelelezi Bwana Msa, aliingia kazini 1938 kama mkaguzi katika idara ya afya huko Zanzibar, akakaa humo kama miaka kumi kabla ya kwenda kwenye uhariri wa magazeti. Fikirini kazi ya mkaguzi wa afya. Unaingia uani kwa watu bila kualikwa. Unafunua mapipa. Unanusa. Mwenye nyumba anakuchekea huku amesimama mbele ya mlango mmoja asiotaka uufungue. Miaka kumi ya kusoma watu wanaoficha uchafu! Halafu riwaya yake ya kwanza inatoka 1960 na mpelelezi wake ana kiko na kichwa chenye subira. Mnaona miujiza hapo? Mimi naona ujuzi wa kazi. Agatha Christie naye aligawa dawa hospitalini wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, akajua chupa ipi inaua, na wasomaji tumelishwa sumu tangu siku hizo. Hakuna aliyemwambia duka la dawa halina mvuto.

Turudi kwenye maiti yangu, ile iliyotakiwa hotelini. Iko kwenye kitanda cha kunyaushia majani, na pale ndipo mahali pake. Vile vitanda ni virefu, majani yametandazwa juu ya wavu, feni zinasukuma hewa kwa chini usiku kucha ili majani yapoteze maji. Daktari akifika asubuhi anaukuta mwili wa baridi na anahesabu saa kwa baridi hiyo. Anakosea, kwa sababu feni zimeupoza mwili haraka kuliko chumba cha kawaida. Polisi wanaandika walichoambiwa. Mtu wa kiwandani yeye haangalii maiti. Wakiinua mwili anachota majani yaliyokuwa chini yake. Jani lililonyauka sawasawa ukilifinyanga kwenye ngumi linabaki donge, na kikonyo chake kinapinda bila kukatika. Ya pembeni yamefikia hapo. Ya chini ya mwili, ambako hewa ilizibwa, kikonyo kinasema ta, kinavunjika. Kwa hiyo huyu mtu alilazwa pale majani yakiwa na saa ngapi? Msimamizi wa zamu anakujibu hata hajavaa miwani. Mnyimeni basi hadithi yake, mumpe kijana wa Dar mwenye koti.

Kuna na shahidi anayeapa kwamba hakuona kitu kwa kuwa alikuwa amelewa ulanzi, pombe ya mianzi, uliogemwa asubuhi hiyo hiyo. Mtu wa Iringa akifika mstari huo anafunga kitabu kwa kidole, anacheka. Mtogwa, ulanzi mbichi, unashibisha tu, na mkangafu, ule uliochacha, haupatikani kwa saa mbili. Msomaji wa kwingine atapitiliza, akifika sura ya mwisho atarudi nyuma kutafuta. Arudi.

Habari za malipo ya waandishi na wanaouza hadithi vipande vipande kwenye simu nitaandika siku nyingine, leo presha itapanda.

Niseme tu kwamba mswada nimeurudisha ulivyokuwa. Kabla ya kuutuma kwingine nilitaka usikilizwe na mtu mmoja, kwa hiyo Jumamosi iliyopita nilipanda gari mpaka kwa mama mmoja aliyechuma kwenye mizani yangu. Kamwene, kamwene, nikakaribishwa kigoda, yeye anachambua maharage kwenye ungo. Nikaanza kusoma. Sijafika mbali akaninyooshea kidole.

"Hapo umekosea, mwanangu. Umesema nimeshindilia majani mpaka kapu likajaa. Ukishindilia yanaungua, yanakuwa mekundu, nyapara anayamwaga. Sisi hatukuwa tunashindilia."

Nikasahihisha pale pale, kwa penseli. Miaka yote ile nimepima majani yake, hilo sikuwahi kuliona.

Nikaendelea. Kadi, Julai, lori, msiba. Nilipomaliza hesabu ya 46 alikuwa kimya, mikono imesimama juu ya ungo.

"Hii robo ni ya hadithi au ya kweli?"

"Ya kweli, mama."

"Nawe ndiye uliyekuwa unaandika."

"Ndiye mimi, mama."

Hakunitazama. Akasogeza maharage upande mmoja wa ungo, akaanza kuyarudisha moja moja upande wa pili, midomo inacheza bila sauti, mwaka aliokuja na mtoto wa kwanza, mwaka wa ukame, mwaka aliovunjika mkono. Nikaweka mswada magotini nikasubiri amalize kuhesabu.