Saa moja iliyonipotea Tuba City

Jamani mimi nina miaka sita huku Marekani, mitatu ya mwanzo nilikaa Ohio na sasa niko Phoenix, Arizona, naendesha trela, na mpaka leo hii habari ya kusogeza saa haijaniingia akilini. Jumapili ya pili ya Machi ikifika saa nane usiku wanasema sasa ni saa tisa, halafu Jumapili ya kwanza ya Novemba wanairudisha, na watu wazima wanaona sawa tu.

Kipindi kile cha Ohio nilikuwa nampigia mama kwenye mapumziko ya saa sita mchana. Kiangazi inamkuta Tanzania saa moja usiku, vizuri kabisa. Ikaingia Novemba ikawa inamkuta saa mbili, akaniuliza mwanangu mbona siku hizi unachelewa kupiga, nikamwambia mama wamerudisha saa. Akanyamaza kidogo. "Wamerudisha? Kwani walikuwa wameipeleka wapi?" Sikuwa na jibu na sina hadi leo.

Arizona nikaipendea hapo, wao walikataa hayo mambo tangu 1968. Na sababu yao unaielewa bila kusomea, Phoenix kiangazi joto linapita 40 na Juni jua linazama karibu saa mbili kasoro usiku, sasa ukisogeza saa mbele maana yake unajiongezea saa nzima ya kuungua jioni, nani anataka? Kwetu karibu na ikweta ndo kabisaa hakuna cha kusogeza, siku ndefu na siku fupi zinapishana kama saa moja tu. Na hesabu ya kupiga simu imekuwa rahisi mno, Phoenix na nyumbani tunapishana saa kumi mwaka mzima, kwa saa zetu za Kiswahili unatoa mbili tu na kugeuza usiku kuwa asubuhi. Hapa saa tatu usiku, kwa mama saa moja asubuhi ya kesho yake. Basi.

Sasa nikajiona mjanja. Mwaka juzi mwezi wa saba nikapewa mzigo wa kushusha Tuba City saa tatu asubuhi. Tuba City iko Arizona hiyohiyo ila ni ndani ya eneo la Wanavajo, wenyeji wa asili wa huku, na wao wanasogeza saa, sababu ardhi yao inaingia mpaka Utah na New Mexico ambako wanasogeza, wasingependa wenyewe kwa wenyewe wapishane. Mi silijui hilo, na simu nilikuwa nimeizuia isijibadilishe saa yenyewe maana ukipita kule Page karibu na mpaka wa Utah inanasa mnara wa ng'ambo na kuruka ovyo. Nimefika saa tatu kasoro kumi natabasamu, mzee wa getini ananiangalia, ananionyesha saa ya ukutani: saa nne kasoro kumi. Nafasi yangu kapewa mwingine, nikae mpaka jioni. Nikavuka barabara kutafuta kahawa upande wa pili, Moenkopi, pale ni kwa Wahopi, wenyeji wa asili wengine, ambao wamezungukwa na Wanavajo pande zote lakini saa hawasogezi, nacheki ukuta wa mgahawa, saa ya Phoenix hiyo hapo! Nimevuka lami tu nikarudishiwa saa yangu, mzigo ukiwa bado upande ule.

Mtu ataniambia hata kwetu Tunduma ukivuka geti kwenda Nakonde unarudi saa moja nyuma. Ni kweli, kwetu saa nne asubuhi Zambia saa tatu. Lakini ile ni hivyo Januari na ni hivyo Julai, mtoto wa pale anakua anaijua kama anavyojua njia ya kwao, ukipanga naye biashara anakuuliza saa ya Zambia au ya kwetu, mnamalizana. Majirani kupishana saa sina ugomvi nako hata kidogo. Ugomvi wangu ni saa inayopishana miezi minane halafu inapatana minne, huwezi kuizoea, maana ukishaizoea tu Novemba hiyo imefika.

Siku hizi kabla sijawasha gari namuuliza dispacha, yule anayetupangia mizigo, hii ni saa ya nani? Wiki iliyopita kanijibu "ya kawaida".