Filamu ya Freddie Mercury: watazamaji walilia, wahakiki walinuna

Ni filamu chache zilizowatenganisha wahakiki na wakata tiketi kama Bohemian Rhapsody, ya maisha ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza. Ilipotoka mwaka 2018, wahakiki waliokusanywa kwenye tovuti ya Rotten Tomatoes waliipa takriban asilimia 60, alama za mwanafunzi aliyepita kwa kubahatisha. Watazamaji hawakujali. Waliimwagia zaidi ya dola milioni 900 duniani kote, na Februari 2019 ikazoa Oscar nne, ikiwemo ya mwigizaji bora wa kiume aliyopewa Rami Malek, aliyemwigiza Freddie. Tangu hapo ukiitaja tu, mmoja atakwambia wahakiki wana roho mbaya, mwingine atakwambia watazamaji wanapenda kudanganywa.

Mimi niko upande wa wahakiki, ila si kwa kila walilolipigia kelele.

Wengi walishika kalenda. Fat Bottomed Girls inapigwa kwenye ziara ya kwanza ya Marekani, wakati wimbo huo ulitoka 1978. We Will Rock You inazaliwa mwaka 1980, mbele ya Freddie mwenye masharubu, ilhali ulishatoka tangu 1977. Jim Hutton, mwenza wake wa miaka ya mwisho, anaonekana kama mhudumu kwenye sherehe. Kwa kweli alikuwa kinyozi na walikutana klabu. Sawa, ni makosa, lakini hakuna hata moja linaloninyima usingizi. Maisha ya mtu hayakupangwa yaenee kwenye saa mbili za sinema.

Tazama Rocketman, ya maisha ya Elton John, iliyofuata mwaka 2019. Humo Crocodile Rock inaimbwa Los Angeles mwaka 1970, miaka miwili kabla haijatoka, na mwimbaji anaelea hewani pamoja na hadhira yake. Wahakiki waliisifu. Kichekesho ni kwamba mwongozaji wake, Dexter Fletcher, ndiye aliyeitwa kumalizia Bohemian Rhapsody baada ya mwongozaji wa awali, Bryan Singer, kufukuzwa Desemba 2017. Ila Rocketman inaanza na Elton akiingia kwenye kikao cha watu wanaotibiwa ulevi, kavaa mabawa na mapembe, anakaa, anasimulia. Mapema kabisa unajua unasikiliza kumbukumbu za mtu, na kumbukumbu huruhusiwa kutiwa chumvi. Bohemian Rhapsody inajifanya taarifa ya habari.

Mimi nagoma kwenye ugonjwa. Kwa maelezo ya Hutton, Freddie aligundulika kuwa na VVU mwaka 1987. Filamu inampa majibu kabla ya Live Aid, tamasha la hisani la 13 Julai 1985 kwenye uwanja wa Wembley, London. Anawaambia wenzake mazoezini, wanakumbatiana, wanakwenda Wembley. Kabla ya hapo tumeshaonyeshwa bendi ikisambaratika kwa sababu Freddie kasaini mkataba wa kuimba peke yake. Ukweli ni kwamba Roger Taylor, mpiga ngoma, alitoa albamu yake mwenyewe tangu 1981 na hakuna aliyekufa, na Queen walikuwa jukwaani Rio Januari 1985 na Japani Mei. Hawakuwa wameachana.

Sasa unganisha hayo uone yanasema nini: kijana anawatupa wenzake, anazama Munich kwenye starehe na wanaume, anaugua, anarudi kuomba radhi, anasamehewa, anaimba kuliko alivyowahi kuimba. Tarehe zimehamishwa ili ugonjwa uwe adhabu na tamasha liwe toba. Baadhi ya wahakiki walilisema hili waziwazi, nami nawaunga mkono. Huku kwetu, ambako ni vigumu kupata ukoo ambao haukuzika mtu wakati ule wa UKIMWI, lugha hii tunaifahamu. Tuliisikia matangani, kwa kunong'ona: alijitakia. Mpiga gitaa Brian May na Roger Taylor walihusika moja kwa moja na filamu hii, na sijui kama ni bahati tu kwamba humo wao wawili kila siku ndio wenye busara, wanaoangalia saa na kutaka kurudi kwa wake zao.

Tuache hilo, maana waliotengeneza filamu lazima wapewe haki yao. Onyesho la Wembley ni zuri mno. Vikombe vya Pepsi vimepangwa juu ya piano kama ilivyokuwa siku ile, sauti ni ya Freddie mwenyewe, na Malek kaushika mwili wake wote: bega linavyotangulia, ngumi inavyopaa, mpini wa maikrofoni unavyochezewa. Hapo ndipo watu walipolia, na sioni ujinga wowote katika kulia pale. Oscar ya uhariri ndiyo sikuielewa. Tazama tena bendi inapokutana na meneja John Reid kwenye meza ya nje. Wamekaa tu wanaongea, lakini picha inarukaruka kutoka uso hadi uso mpaka macho yanachoka.

Kubwa zaidi, Freddie alikuwa mtunzi. Wimbo wenyewe wa Bohemian Rhapsody, wa karibu dakika sita, usio na kiitikio, wenye kipande cha opera katikati na "Bismillah" ndani yake, ulitoka kwenye kichwa cha nani, na kwa njia gani? Filamu inatujibu kwa mzaha wa studio ya Rockfield, Wales: Taylor analazimishwa kupandisha sauti ya "Galileo" juu, juu zaidi, mpaka anauliza Galileo ni nani. Tunacheka, tunasonga mbele. Zile sauti zilizorekodiwa moja juu ya nyingine hadi utepe ukaanza kuchakaa hazina nafasi.

Na Zanzibar? Freddie, jina lake la kuzaliwa Farrokh Bulsara, alizaliwa Unguja 5 Septemba 1946, baba yake, Mparsi (Mzoroasta wa asili ya India), akifanya kazi ya keshia serikalini. Akapelekwa bweni Panchgani, India, akarudi, na baada ya Mapinduzi ya 1964 familia ikakimbilia Uingereza. Filamu inamkuta tayari yuko Heathrow anapakua mizigo na kutukanwa kuwa Mpakistani. Kwao panatajwa sebuleni, maneno mawili matatu, basi. Katika maoni ya ng'ambo niliyosoma, pengo hili halikumshughulisha mtu. Wala sisi tusijifanye wasafi: mwaka 2006 sherehe iliyopangwa Unguja ya kutimiza miaka 60 tangu azaliwe ilifutwa baada ya Uamsho, kikundi cha Kiislamu cha Zanzibar, kuipinga. Mwaka mmoja baada ya filamu, Novemba 2019, jumba la makumbusho yake likafunguliwa Shangani, na watalii wanalipa kiingilio kuona picha za utoto wake. Mtu akija na kamera kutengeneza filamu nyingine, aanzie hapo Shangani, na ile miaka ya kati ya 1985 na 1987 aiache ilivyokuwa.