Mwenye reflekta hajui sababu: ukali wa wasimamizi kwenye makongamano ya mashabiki

Nenda kwenye lango la kongamano lolote la mashabiki wa katuni na filamu saa tatu asubuhi, uwaulize watu watatu waliovaa reflekta swali moja: foleni ya ukumbi mkubwa inaanzia wapi? Ukipata jibu moja, una siku ya raha mbele yako. Ukipata majibu matatu, jiandae, maana kabla ya adhuhuri kuna mtu atafokewa kwa kusimama palepale alipoelekezwa asimame.

Malalamiko mengi kuhusu wasimamizi wakali huzaliwa hapo. Mlalamikaji husema "wakali", lakini ukimsikiliza mpaka mwisho unakuta amekutana na amri mbili zinazogongana: huyu kamwambia apite kushoto, yule anamkemea kwa nini yuko kushoto. Ukali wenyewe watu huuvumilia. Shabiki anayekesha kando ya barabara kwa ajili ya kiti ana uvumilivu wa kutosha kijiji kizima. Kinachomchosha ni kukaripiwa na mtu asiyejua kwa nini anakaripia.

Chukua Comic-Con ya San Diego, iliyoanza mwaka 1970 na ambayo tangu 1991 hufanyika katika jengo kubwa la mikutano kando ya bandari. Huingiza zaidi ya watu 130,000 kwa siku nne na jioni moja ya utangulizi. Kwa mgeni, kila mwenye beji ya kazi na simu ya upepo ni msimamizi, basi. Kwa kweli mle ndani mna makundi manne. Wapo wa kujitolea, mashabiki kama wewe, wanaofanya kazi saa chache ili waingie bure. Wapo walinzi wa kampuni, waliokodiwa kwa juma hilo tu, na wengi wao hawana haja ya kumtofautisha mhusika huyu na yule. Wapo wafanyakazi wa jengo, wanaojua milango, umeme na lifti. Halafu wapo polisi na zimamoto, ambao neno lao halina rufaa.

Tazama anachopata na anachopoteza huyo mlinzi wa kampuni. Akimpitisha asiye na haki, anaweza kukosa kibarua siku hiyohiyo. Akimzuia mwenye haki, hakuna kinachompata. Aliyezuiwa atazunguka jengo, atanung'unika, atapata mlango mwingine. Ukimpa mtu kazi iliyopangwa hivyo, atajifunza kusema hapana kabla hujamaliza swali. Mimi simlaumu, anapiga hesabu vizuri. Namlaumu aliyemweka mlangoni na picha ya beji moja wakati siku hiyo zinatumika aina tano.

Kanuni nazo hazina uzito sawa, na hapa ndipo wahudhuriaji wengi hukosea mahali pa kupigania. Kuna kanuni za usalama wa jengo, na hizi hazibembelezeki. Kanuni za zimamoto zinazotumika sehemu nyingi za Marekani huhesabu takriban mita 0.65 za mraba kwa kila mtu katika ukumbi wa viti visivyofungwa sakafuni, na hudai msimamizi mmoja wa umati aliyefunzwa kwa kila watu 250. Hesabu hiyo ya wasimamizi ilikazwa baada ya moto wa Februari 2003 katika ukumbi wa muziki wa The Station, Rhode Island, ulioua watu 100, wengi wakiwa wamebanana kuelekea mlango waliouingilia. Kwa hiyo ukiambiwa chumba kimejaa huku unaona viti kumi vitupu, huenda kweli kimejaa kwa mujibu wa karatasi iliyobandikwa ukutani.

Hali ni hiyohiyo kwa kelele maarufu kuliko zote: "Usisimame hapo, songa!" Mwongozo wa Uingereza wa usalama wa viwanja vya michezo hukadiria kwamba njia tambarare hupitisha watu wasiozidi 82 kwa dakika kwa kila mita moja ya upana. Njia ya mita tatu kati ya mabanda basi ina uwezo wa watu 246 kwa dakika. Akisimama mtu mmoja aliyevaa mabawa ya mhusika wake, akazungukwa na wapiga picha sita, mita mbili zimekwenda na njia imebaki na uwezo wa watu 82. Nyuma yao wanaendelea kuja walewale 246. Baada ya dakika tano kuna mamia wasio na pa kwenda, na walio nyuma hawaoni kilichoko mbele, wao wanasukuma tu. Anayefoka pale ana haki kabisa. Ambacho hana ni sentensi ya pili: "Eneo la picha liko nje ya mlango ule." Sentensi hiyo ingemaliza ugomvi, lakini mara nyingi hakuna aliyempa.

Kundi la pili ni kanuni za mikataba. Studio inayoleta vionjo vya filamu ukumbini hutaka simu zishushwe, na waandaaji wameahidi. Mwaka 2015 kionjo cha filamu ya Warner Bros kilirekodiwa kwa simu ndani ya Hall H, ukumbi mkubwa wa Comic-Con ya San Diego, kikasambaa, na kampuni ikaishia kukitoa yenyewe. Baada ya tukio kama hilo, usitegemee mlinzi akuelewe unapomwambia unaangalia saa tu. (Mwaka huohuo San Diego walipiga marufuku pia vijiti vya kujipigia picha, na kwa hilo nawapongeza bila masharti.)

Kundi la tatu ni kanuni za utaratibu: foleni ifungwe lini, nani amshikie nani nafasi, ukitoka unarudije. Hizi zinabadilika, zina nafasi ya busara, na ndizo zinazozalisha dhuluma nyingi. Hall H ina viti zaidi ya 6,000 na haiondolewi watu kati ya kikao na kikao. Aliyeingia asubuhi anaweza kukaa mpaka jioni akimsubiri mgeni mmoja, na maelfu nje hawaingii hata kama wa ndani wamelala. Ndiyo sababu ya bangili za foleni zinazogawiwa usiku wa kuamkia, na hati za kwenda msalani ili mtu asipoteze kiti. Mwaka 2010 mtu alichomwa kalamu karibu na jicho humo kwa sababu ya kiti. Ukijua hayo, ukali wa mpanga viti unaeleweka. Bado haueleweki pale kikomo cha kumshikia mwenzako nafasi kinapotegemea zamu ya nani.

Vifaa vya kosplei, yaani kuvaa kama mhusika umpendaye, vina historia yao. Mei 2017, katika Phoenix Comicon, Arizona, polisi walimkamata mtu aliyevaa vazi la kuzuia risasi akiwa na bunduki za kweli. Waandaaji wakapiga marufuku silaha za bandia papo hapo, ukaguzi ukakazwa, na foleni zikajipanga nje kwenye jua la jangwani. Walioumia ni waliokuwa wametumia miezi wakichonga upanga wa povu. Je, marufuku ya jumla ndiyo dawa? Sidhani. Upanga wa povu hauna uhusiano na bunduki ya chuma, na mkaguzi anayetumia dakika nzima kuubishania ule hana jicho la kuitafuta hii.

Dawa ipo na ni ya zamani: meza ya ukaguzi wa vifaa, iliyo mbali na foleni ya kawaida. Mkaguzi anashika kifaa, anakipinda kuona kama ni povu, mbao au chuma, anaangalia ncha, kisha anafunga upanga kwenye ala kwa vile vifungo vya plastiki vya kubania nyaya, viwili kwa rangi ya siku hiyo. Kesho rangi inabadilika. Kwa bunduki za kuchezea, sheria ya Marekani hutaka alama. Iliyozoeleka ni kizibo cha rangi ya chungwa kali mdomoni mwa mtutu, kisichozama ndani zaidi ya milimita 6. Wengi hukipaka rangi nyeusi ili picha ipendeze, halafu hushangaa kukataliwa. Piga picha nacho kikiwa na chungwa lake, uifute rangi kwenye kompyuta. Uingereza, kubeba bunduki ya bandia hadharani bila sababu ya msingi ni kosa, kwa hiyo kifaa kisafiri ndani ya mfuko uliofungwa mpaka ukumbini, na kirudi vivyo hivyo. Kwa wasomaji wa Tanzania kuna jambo zito zaidi ya silaha ya povu, nalo ni mavazi yanayofanana na sare za jeshi. Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilitoa siku saba kwa raia wenye nguo hizo kuzisalimisha. Mhusika wako awe askari wa sayari nyingine kama unataka, mabaka ya kijani yatakuponza hapahapa.

Ukaguzi wa mikoba ni hesabu rahisi ambayo waandaaji huikwepa. Mwongozo uleule wa viwanja unaweka dari ya watu 660 kwa saa kwa kila kipitio, na hapo ni tiketi tu. Ukimfungua mtu mkoba kwa sekunde 20, meza moja inapitisha watu 180 kwa saa. Meza 10 zinapitisha 1,800. Wakija 20,000, wa mwisho anaingia baada ya kusubiri muda wa saa 11, kongamano limeshafungwa. Asubuhi walinzi wanakagua kila kona ya mkoba; kufikia saa tano, foleni imezunguka jengo, wanatazama juujuu tu. Yule aliyeamka alfajiri ndiye aliyepekuliwa mpaka soksi. Njia ya wasio na mikoba, kipimo cha mkoba kilichotangazwa wiki mbili kabla, na meza zilizohesabiwa kwa wingi wa watu vingeondoa nusu ya hasira hizo.

Kuna ukali ambao siutetei hata kidogo. Wa kwanza ni dhidi ya watu wenye ulemavu. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1990 kuhusu watu wenye ulemavu inamruhusu msimamizi kuuliza maswali mawili tu kuhusu mbwa wa msaada kama haja yake haionekani wazi: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefunzwa kufanya kazi gani? Karatasi haziombwi, wala mbwa haambiwi aonyeshe kazi yake. Msimamizi anayedai cheti mlangoni anaivunja sheria kwa sauti ya mtu anayeilinda. Wa pili ni ukaguzi wa mavazi ya wanawake kwa macho. Vazi lilelile linapita kwa mwembamba na linakataliwa kwa mnene, kwa sababu kanuni iliandikwa "vazi la heshima" na kila mlinzi amekuja na heshima yake kutoka nyumbani. Andika sehemu gani za mwili lazima zifunikwe, na kwa kitambaa kisichoonyesha ndani. Hapo hakuna la kubishania. Kichekesho ni kwamba palepale ukali unapohitajika huwa haupo: New York Comic Con mwaka 2014 ilibidi isimamishe mabango makubwa kuwakumbusha wahudhuriaji kwamba kuvaa kosplei si ruhusa ya kushikwashikwa.

Anayedhani umati mkubwa hauwezekani bila vifua vya mabaunsa aitazame Comiket ya Tokyo, soko la vitabu vya katuni vinavyotungwa na mashabiki wenyewe, iliyoanza Desemba 1975. Inaendeshwa na watu wa kujitolea. Ina kanuni kali kweli: ni marufuku kukesha nje, ni marufuku kuja umeshavaa kosplei, unabadilishia ndani, na hakuna kukimbia. Lakini msimamo wake ni kwamba muuzaji, mnunuzi na msimamizi wote ni washiriki, hakuna mteja. Mbele ya meza zenye wanunuzi wengi utaona mtu wa mwisho kwenye foleni ameshika bango linalosema hapa ndipo mwisho wa foleni. Akija mwingine nyuma yake, anampa. Foleni inajisimamia, na msimamizi anabaki na koo lake.

Ukikwama mlangoni, usianze na "najua haki zangu". Uliza kwa upole: kanuni hii ni ya jengo, ya zimamoto au ya waandaaji? Ikiwa ya zimamoto, ondoka. Ikiwa ya waandaaji, omba kiongozi wa zamu aitwe kwa simu ya upepo, kisha usogee kando ili foleni ipite, maana mlinzi mwenye watu 50 wanaomtazama hatabadili neno lake. Usimrekodi usoni. Weka ukurasa rasmi wa kanuni kwenye simu ukiwa nyumbani, kwa sababu mtandao ndani ya ukumbi uliojaa hufa mapema.

Na ukiandika malalamiko, yaandike siku hiyohiyo. "Mlinzi alikuwa mkorofi" haimpi mwandaaji pa kushika. "Jumamosi saa 4:20 asubuhi, mlango wa magharibi, mwenye reflekta ya njano alisema beji ya siku tatu haipiti hapo, saa 4:45 mlango uleule ulikuwa unaipitisha" inamwambia ni zamu gani haikupewa maelekezo, na nani aliyepaswa kuyatoa.