Ukioa Rimu Umeoa na Ukoo

Jamani, Subaru Impreza WRX inateremka melini bandarini Dar es Salaam ikiwa na kila kitu: turbo, boneti lenye pua, miguu minne inayovuta yote. Mwenye gari hajafika Buguruni, ameshaona limepungukiwa. Anataka rimu. Rimu tu, anasema, halafu basi. Basi ipi? Ukioa rimu umeoa na ukoo. Nati shemeji, tairi wifi, kalipa, ile inayobana diski ya breki, mama mkwe, na wote wanahamia kwako mwezi huohuo.

Chukua matundu ya nati tu. WRX za 2000 hadi 2007 zina matundu matano kwenye duara la milimita 100. STI, yaani WRX zile kali zaidi, za modeli ya 2005 na kuendelea zikahamia 114.3. Muuzaji atakwambia, "Matano ni matano, bosi wangu." Si matano! Haya, umezunguka Gerezani jua la saa nane, umepata rimu ya Toyota Caldina, 100 kamili, roho kwatu. Unapachika, haikai. Habu ya Subaru, kile kitovu cha gari kinachoingia katikati ya rimu, ni milimita 56.1, tundu la kati la rimu ya Toyota ni 54.1. Milimita mbili! Na hapo lazima atokee mtu mwenye nyundo, sijui huwa wanasikia harufu. Mkatalie, hata kama ni mjomba wako. Peleka rimu kwa fundi wa kuchonga vyuma, tundu litanuliwe kwa mashine. Zile rimu za dukani zenye tundu la 73.1 zina kesi ya upande wa pili: bila pete za kujazia pengo, rimu haikai katikati, na ukifika 90 usukani unatetemeka kama mwenye malaria.

Nati nazo. Nati ya Toyota na nati ya Subaru ni mapacha wa sura, zote za milimita 12, ila hatua, yaani nafasi kati ya uzi na uzi, ya ile ni 1.5 na ya hii ni 1.25. Ile ya Toyota ukiitia kwenye Subaru inazunguka kidogo kwa vidole, inagoma. Fundi anaita bomba la futi tatu. Inaingia, kwa nini isiingie? Imeshakata njia mpya, stadi, ule msumari wa uzi unaoshika nati, imekufa, na siku ya pancha itakatika pale unapofungua nati huku mvua inanyesha. Nati halali inakwenda kwa vidole mpaka inakaribia rimu. Ndipo unakaza kwa msalaba, juu, chini, kulia, kushoto, kwa niutani mita 100 hivi, kisha unarudia ukishatembea kilomita 50. Nani anarudia? Hakuna anayerudia.

Geuza rimu usome mgongo. Za kiwandani nyingi zimeandikwa ET55 au ET53, yaani milimita ambazo uso wa kufungia umesogea nje kutoka katikati ya upana wa rimu. Wewe umepewa ET35, upana uleule, maana yake tairi limetoka nje milimita 18 hadi 20. Ukiwa peke yako gari linapendeza kama bwana harusi. Pakia mashangazi watatu nyuma, pita tuta, kwaruuu, tao la bodi juu ya gurudumu limelamba tairi.

Na tairi zenyewe! Huku kwetu mtu hununua mbili mwezi huu, mbili mwezi ujao, kama matofali ya kiwanja. WRX ya gia za mkono haitaki huo mpango. Subaru wenyewe wanasema mizingo ya tairi zote nne isitofautiane zaidi ya milimita 6.4. Ikizidi, difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, inafanya kazi ya kusawazisha muda wote, hata barabara ikiwa imenyooka, kile kimiminika kizito cha ndani kinapata moto mpaka kinaungua. Gari linaanza kubana kwenye kona kama linavaa suruali ya mdogo wake.

Sasa rimu zimekaa, zinang'aa, na ndani zinaonyesha kalipa za kawaida. Aibu! Zitafutwe Brembo, zile kalipa kubwa za rangi ya dhahabu za STI. Diski zake za mbele zina kipenyo cha milimita 326, kwa hiyo rimu za inchi 16 hazipiti. Ziuze. Za nyuma zina fitina yao: ngoma ya breki ya mkono ya STI ni 190, ya WRX ni 170. Ukinunua kalipa na diski ukasahau sahani za nyuma na viatu vyake, breki ya mkono inabaki pambo. Halafu fundi anafunga ya kulia kushoto. Inafunga vizuri, hata huwezi kujua, ila nipo ya kutolea hewa imekaa chini. Hewa hukimbilia juu, ndugu yangu. Mtapampu pedali tangu adhuhuri mpaka magharibi, mtamaliza chupa nne za mafuta ya breki ya DOT 4, pedali bado laini kama godoro la gesti. Nipo zitazame juu, basi, hiyo ndiyo siri yote.

Kuna na mpenda "pshhh". Anatoa vali ya turbo ya kiwandani inayorudisha hewa ndani, anaweka ya kupiga mluzi nje. Kompyuta ilishaipima ile hewa pale mlangoni na ikaagiza petroli yake. Hewa imekwenda kupiga kelele mtaani, petroli imebaki bila mwenzake. Kila ukibadili gia moshi mweusi, plagi zinavaa masizi, kwenye taa nyekundu gari linazima. Watoto wa shule wanashangilia, lakini.

Mwenzake ananunua manifoldi ya ekzosi yenye mabomba ya urefu sawa. Anaipenda Subaru kwa ule mngurumo wake, na mngurumo unatokana na mabomba kutolingana. Amelipa hela nyingi ili gari lilie kama la jirani.

Springi za kushusha gari ziko kwenye foleni. Kabla ya kufungua miguu ya mbele, chora alama ya rangi kwenye bolti ya juu kati ya mbili zinazofunga shokabu kwa chini, maana ndiyo inayopanga mlalo wa tairi. Na bolti za mikono inayoshika magurudumu zikazwe mwisho gari likiwa limesimama chini kwa uzito wake. Ukikaza likiwa hewani, mpira wa bushi unaishi umejikunja, unachanika kabla hujamaliza deni la springi.

Taa za ukungu? Mbili za wati 55 zinakula ampea tisa na kitu. Waya wake upite kwenye rilei na fyuzi ya 15. Fundi wako amezichovya kwenye swichi ya taa kubwa. Nusa usukani.

Kilichobaki kisicho na ukoo ni vivuli vya madirisha, vile vya chaguo la kiwandani. Havina bolti wala waya. Safisha fremu kwa spiriti, ikauke, bandua karatasi ya gundi, bonyeza. Dakika ishirini, umemaliza. Maelekezo yanasema tu vioo visishushwe kwa saa 24.

Saa 24, Dar, mwezi wa pili, na gesi ya AC fundi aliimwaga alipokuwa anatafutia springi nafasi.