Barua pepe yako isilale stesheneri

“Dada, imegoma, ingiza tena paswedi,” akaniambia kijana wa stesheneri. Nikaingiza mara ya pili. Nyuma yangu watu wanne wananipumulia kisogoni, na mimi napekua kikasha cha barua pepe chenye barua zaidi ya 6,000 nikitafuta cheti cha kuzaliwa nilichojitumia mwenyewe zamani, tena bila kukiandikia hata kichwa cha habari. Dakika kumi na tano hivi ndipo kikaonekana. Nikaprinti, nikalipa, nikakimbilia daladala. Akaunti nimeiacha wazi, na pale kompyuta ilipouliza kama ihifadhi paswedi, yule kijana alishabofya “ndiyo” kwa mazoea yake.

Usiku nikafungua orodha ya vifaa kwenye mipangilio ya Google: kompyuta moja ya Windows, bado imo ndani. Namba ya NIDA, TIN, vyeti, mkataba wa kazi, vyote vimo humo. Nikaitoa palepale kitandani, paswedi nikabadili.

Wataalamu hutuhimiza tuweke paswedi ndefu. Sawa, lakini mimi iliniponza fujo. Ningejua cheti kilipo, ningekitoa kwenye simu yangu nikamtumia kijana kwa anwani aliyoibandika ukutani, kibodi yake nisiiguse kabisa.

Basi nikapanga. Nilianza na tamaa, folda 14, mpaka ya mapishi; wiki ya pili sikumbuki kipi kiko wapi. Zimebaki tatu: Nyaraka, Pesa, Kazi. Taarifa za benki zinaingia zenyewe kwenye Pesa, nimeziwekea chujio. Kwenye Gmail hizo kwa kweli ni lebo, na barua moja hubeba hata mbili, kwa hiyo mkataba wangu uko Nyaraka na uko Kazi.

Anayesoma barua kwa programu ya kompyuta kama Thunderbird itamuuliza njia ya kupokea barua, IMAP au POP3; achague IMAP. Barua hubaki kwenye seva, na folda ulizopanga kwenye laptop unazikuta kwenye simu. POP3 ilishanitia hasara: ilishusha kila kitu kwenye laptop yangu ya zamani, ikafuta kule kwenye seva, kisha diski ikafa. Kwa IMAP, poti (namba ya mlango wa seva) weka 993, yenye SSL/TLS, yaani barua zinasafiri zikiwa zimefichwa.

Uthibitishaji wa hatua mbili, yaani paswedi kisha msimbo, nauunga mkono, ila msimbo wa SMS pekee siuamini. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika hupewa mtu mwingine, na msimbo wako utamfuata huko huko. Google hutoa misimbo 10 ya akiba ya kuingilia usipopata ule wa simu, kila mmoja tarakimu nane. Yangu nimeiandika kwa kalamu nyuma ya daftari la matumizi ya nyumbani. (Nusura nikaiprinti stesheneri.)

Juzi nilihitaji tena nakala ya cheti. Nikakituma nikiwa bado kwenye foleni ya Ubungo. Nafika, karatasi iko mezani, bado ina joto la printa.