Kichocho cha ziwani: tunakidai kidonge kazi isiyo yake

Muulize mvuvi wa mwalo wowote (mahali pa kushushia samaki) wa Ziwa Victoria, Ilemela hadi Ukerewe, kama ana kichocho. Wengi watakujibu upesi: sina, mkojo wangu ni safi. Jibu hilo lingekuwa na uzito kule Kwimba au Shinyanga, kwenye malambo na majaruba ya mpunga, ambako kichocho cha kibofu ndicho kimezoeleka na mkojo wa damu ndio dalili yake. Ufukweni mwa ziwa kinachotawala ni cha utumbo, na hicho mkojo hakiugusi. Minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka utumbo. Mayai mengine hutoka na kinyesi. Mengine husombwa na damu hadi kwenye ini, yakakwama humo na kuacha makovu. Miaka inapita mtu hana habari. Kisha damu inashindwa kupenya kwenye ini, bandama inavimba, tumbo linajaa maji, na mwanamume aliyekuwa akivuta nyavu jana leo anatapika damu. Hapo ndugu watasema karogwa, au ni vidonda vya tumbo.

Ugonjwa wa kimyakimya namna hii ndio unaozua ubishi usiokwisha kuhusu kingatiba, yaani ule utaratibu wa kumezesha watu dawa kwa pamoja bila kumpima mmoja mmoja. Wapo wanaoiona kuwa ndiyo njia pekee inayowezekana, na wapo wanaoiona kuwa ni kudeki huku bomba limepasuka.

Wanaoitetea wana hoja nzito. Praziquantel, dawa ya kichocho, humezwa mara moja tu, kwa kipimo cha miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Shuleni hata mizani haihitajiki: mtoto anasimama kwenye kijiti cha kupimia urefu, na alama aliyofikia ndiyo inayotaja idadi ya vidonge. Kampuni ya Merck ya Ujerumani hutoa dawa hiyo bure kupitia Shirika la Afya Duniani. Na inafanya kazi: inaua minyoo iliyokomaa, mayai yanapungua, na ini ambalo halijaharibika sana, hasa la mtoto, lina nafasi ya kupata nafuu.

Wanaoipinga, au tuseme wanaochoshwa nayo, wanauliza: mtoto huyo mchana anaoga wapi? Dawa haiachi kinga yoyote mwilini, na minyoo michanga huikwepa. Mayai yanayotoka na kinyesi yakifika majini hutoa vimelea vinavyoingia kwenye konokono, na konokono aliyeambukizwa hutoa vimelea kwa maelfu, wengi wao jua likiwa kali, saa zilezile ambazo ndoo za kufulia zimejaa ufukweni, na kimelea kikikuta ngozi hupenya kwa dakika chache tu. Ndiyo maana utafiti uliofanyika vijijini mkoani Mwanza ulikuta baadhi ya vijiji maambukizi hayashuki kama ilivyotarajiwa, ingawa watu walimezeshwa dawa mwaka hadi mwaka. Kwao jibu ni maji ya bomba na vyoo.

Nakubaliana nao nusu. Bomba litapunguza kufua na kuoga ziwani, na hiyo si faida ndogo. Lakini bomba halimtoi mvuvi majini. Anayesukuma mtumbwi, anayeshusha dagaa maji yakiwa magotini, kijana anayeosha nyavu: hao wataingia ziwani hata ukiwawekea bomba mlangoni. Choo nacho ni rahisi kukitaja kuliko kukichimba. Mialo mingi iko juu ya mchanga unaobomoka au juu ya mawe yetu haya ya Mwanza, na wakazi wake nusu ni wahamaji wanaofuata samaki. Nani atachimba choo mahali atakapohama mwezi ujao?

Vipi kuhusu kumaliza konokono? Japani ilikitokomeza kichocho chake, na sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kusakafia mifereji ya mashambani kwa zege ili konokono wakose makao. Ziwa la kilomita za mraba zipatazo 68,000 halisakafiwi. Dawa ya kuua konokono huua na samaki, na sioni atakayethubutu kupeleka pendekezo hilo Kirumba, kwenye soko la samaki la Mwanza.

Kosa la pande zote mbili, kwa maoni yangu, ni kukipima kidonge kwa kazi isiyo yake. Hakikuletwa kusafisha ziwa. Kimeletwa ili mtu asifike kwenye kutapika damu, na kwa kazi hiyo kurudia kila mwaka si ushahidi wa kushindwa, ndiyo matumizi yake. Swali linalostahili hasira zetu ni nani anakosa. Kwa miaka mingi kampeni zimejikita shuleni kwa sababu shule ina daftari la mahudhurio. Mvuvi hana daftari. Mwanamke anayeanika dagaa hana. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipanua mwongozo wake: penye maambukizi ya asilimia 10 au zaidi, wamezeshwe watu wote kuanzia miaka miwili, watu wazima wakiwemo. Mwaka 2024 likaidhinisha vidonge vinavyofaa watoto wadogo. Kwa hiyo kisingizio cha mwongozo hakipo tena.

Kilichobaki ni utaratibu, na hapo hofu za watu ziheshimiwe. Mwaka 2008 mkoani Morogoro kampeni ya shuleni ilizua vurugu baada ya watoto kupata kizunguzungu na kutapika. Wazazi waliamini wamelishwa sumu. Maudhi hayo yanajulikana na kwa kawaida hupita, na kula kabla ya kumeza huyapunguza. Basi sufuria ya uji itangulie vidonge, na mwenye kumezesha aseme waziwazi kwamba tumbo linaweza kusokota.

Ufukweni kuna vikundi vya BMU (vikundi vya wavuvi wenyewe) vinavyosimamia uvuvi wa mwalo, vinavyojua mitumbwi na wenye mitumbwi. Orodha ianzie huko. Na tarehe isipangwe kwa kalenda ya ofisi. Uvuvi wa dagaa hutegemea giza, kwani mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti samaki na vijana hubaki nchi kavu siku kadhaa. Kampeni ikienda wakati wa giza itawakuta wamelala mchana, wamechoka, hawajala. Iende mwezi ukiwa mpevu.