Gharama pekee isiamue nyaraka zipi zitoke maktaba ya chuo

Mwaka 1981 Leonard Rapport, mtunza nyaraka katika Hifadhi ya Taifa ya Marekani, aliwauliza wenzake swali lililowachoma wengi: nyaraka tulizokwisha kuzipokea zingeletwa leo, tungezipokea? Kama hapana, kwa nini tuendelee kuzilipia? Mwaka 1984 Karen Benedict, naye mtunza nyaraka, alijitokeza kumpinga, akikataa kutathmini upya nyaraka zilizokwisha kupokewa na kuziondoa kugeuzwe utaratibu wa kawaida. Maktaba za vyuo vikuu bado zinavutwa huku na huku kati ya hoja hizo mbili.

Hoja ya Rapport ina uzito. Kasha likishawekwa rafuni halijamaliza kudai. Linataka joto na unyevu vidhibitiwe, linataka ulinzi na mtu wa kuliorodhesha. Filamu za asetati huchakaa zikitoa harufu ya siki. Faili za kidijitali hazina budi kuhamishwa kila programu zake zinapopitwa na wakati. Ndani ya makasha hayohayo utakuta nakala tatu za mihutasari ambayo asili yake iko salama ofisi ya msajili. Kuzitoa hizo hakumdhulumu mtu.

Tatizo linaanza pale menejimenti inaposhika daftari la wasomaji na kusema: mkusanyiko huu haujaombwa kwa miaka mingi, uondoke. Utaombwaje ikiwa haujawahi kuorodheshwa? Daftari hilo hupima kazi ambayo maktaba haikuifanya, wala halisemi lolote kuhusu thamani ya karatasi. Tena matumizi hayatabiriki. Mabaharia walioandika shajara za meli walihesabu safari na upepo wa siku ile. Leo wanasayansi wanazisoma kukadiria tabianchi ya karne zilizopita. Hakuna mtathmini ambaye angeliona hilo mapema.

Kuna jambo ambalo wapenda kubana matumizi hulipita haraka: kutathmini upya nako ni gharama. Lazima makasha yafunguliwe, mkataba wa zawadi utafutwe, warithi wa mtoaji waulizwe, pengine na mwanasheria alipwe. Fedha zinatoka mwaka huu, nafuu inakuja polepole. Na mtoaji akisikia zawadi yake imeondolewa kimyakimya, wengine watafunga milango yao.

Kwa hiyo naunga mkono tathmini upya, ila kwa mpangilio. Ianze na nakala za ziada na mikusanyiko iliyo nje kabisa ya dhamira ya maktaba, na hiyo itafutiwe taasisi inayoifaa kabla mtu hajafikiria kuiteketeza. Akiba kubwa zaidi iko mlangoni: gharama ya kutunza ihesabiwe kabla ya kupokea, hata mtoaji awe profesa mwenye jina. Mwongozo uliotolewa na Chama cha Watunza Nyaraka wa Marekani mwaka 2012 unaikubali kazi hii, lakini unataka kila uamuzi uandikwe. Mimi ningeongeza kwamba maandishi hayo yawekwe wazi, ili mtafiti atakayefika akiwa amechelewa ajue kilikuwapo nini, kimekwenda wapi, na nani aliamua.